Ya ndani ao ya inje? Kutia misimbo ya masikio Goma

Katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Goma, mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kiswahili, daktari anayaandika kwa Kifaransa, na kompyuta yangu inadai msimbo wa ugonjwa: herufi moja na tarakimu tatu. Nilikuwa muuguzi wa wodi. Nikahamishiwa ofisi ya takwimu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, na zaidi kwa sababu nilikuwa na subira ya kusoma mwandiko wa wengine. Tangu hapo meza yangu ina rundo la fishi za wagonjwa upande mmoja, na upande wa pili kitabu cha CIM-10, ule uainishaji wa kimataifa wa magonjwa ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliupitisha mwaka 1990 na nchi zikaanza kuutumia kuanzia 1994.

Watu wakisikia kazi hii hudhani kinachonitoa jasho ni magonjwa mazito. Hapana. Malaria ina kipimo chake, kipindupindu kina fomu zake na wasimamizi wake wa kupiga simu kila asubuhi, mama aliyejifungua ana daftari lake. Kinachonisumbua mimi ni sikio. Mgonjwa wa sikio haletwi kwa machela. Anakaa kwenye benchi akiwa ameegemeza kichwa mkononi, foleni ni ndefu, daktari anammaliza kwa dakika chache: neno moja, chupa ya matone, "anayefuata!" Neno hilo moja ndilo linanifikia mezani: "otite", uvimbe wa sikio.

Na tuseme ukweli, hata kitabu chenyewe hakikuzaliwa kwa ajili ya masikio. Mfaransa Jacques Bertillon alipowasilisha orodha yake Chicago mwaka 1893, ilikuwa orodha ya sababu za vifo. Magonjwa yanayotesa bila kuua yaliingizwa rasmi katika marekebisho ya 6, mwaka 1948, WHO ilipoichukua kazi hiyo. Sikio lilichelewa kupata kiti, na kwenye fishi zetu bado linachelewa.

Ukifungua faharasa kwenye "otite" bila kitu kingine mbele yake, inakupeleka H66.9, yaani uvimbe wa sikio la kati usiofafanuliwa. La kati, si la nje. Kila "otite" iliyoachwa uchi namna hiyo inahesabiwa nyuma ya ngoma ya sikio, hata kama mgonjwa alikuja na jipu mahali anapoweza kulifikia kwa kidole kidogo. Mimi sina ruhusa ya kusema "lakini nilimwona kwenye benchi, alikuwa na jipu". Ninatia msimbo wa kilichoandikwa.

Tofauti ya ndani na nje si ya karatasi tu. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5, imefunikwa kwa ngozi, na inaishia kwenye ngoma. Ngozi hiyo ikivimba, tuko kwenye familia ya H60. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye vifupa vitatu na mrija unaoteremka hadi nyuma ya pua. Huko ndiko mafua ya mtoto yanakopandia, na misimbo yake ni ya H65 hadi H75. Muuguzi wetu mkongwe wa konsultasio, chumba cha kuonea wagonjwa, hutumia njia ya zamani kabla hata ya kuwasha otoskopu, kile kifaa cha kutazamia ndani ya sikio: anabonyeza kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, kisha anavuta sikio taratibu kwenda juu. Mgonjwa akiruka, shida iko nje. Akitulia huku akisema maumivu yako ndani kabisa, anaanza kuifikiria ngoma. Si hukumu ya mwisho, lakini inatosha kumfanya aandike neno la pili baada ya "otite".

Ndiyo maana nilizoea kuinuka na kwenda konsultasio na fishi mkononi.

"Dokta, samahani. Hii otite ni ya ndani ao ya inje?"

"Mama, si umeona nimeandika matone? Ya ndani ningemupa amoxicilline."

"Matone nimeyaona, Dokta. Lakini siwezi kutia kode kwa kuangalia dawa."

Alicheka, akavuta fishi, akaongeza "externe", ya nje, akanirudishia bila kuinua macho. Daktari huyo ni mtu mwema, na hoja yake haikuwa ya kijinga: matone kweli ni dawa ya sikio la nje mara nyingi. Lakini dawa inatoka kwa sababu nyingi. Mwingine anapewa matone kwa kuwa usaha umekuwa ukimtoka miezi kadhaa kupitia ngoma iliyotoboka, na huyo ni mgonjwa wa sikio la kati. Mwingine anapewa kwa kuwa ndiyo yaliyobaki famasi. Mwingine aliyataka mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka akapewa. Nikianza kukisia ugonjwa kwa kuitazama chupa, nitakuwa nimejifanya daktari, tena nikitumia sahihi ya mwenzangu.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisione haya kurudi mlangoni pale. Matone yenye gentamicin au neomycin yanaweza kudhuru usikivu ikiwa ngoma ina tundu. Anayeagiza dawa za miezi ijayo anaangalia jumla zangu. Akiona sikio la kati limejaa na la nje halipo, ataagiza vidonge na sirapu, na wale wanaoumwa sikio la nje kwa kuoga ziwani watakuja kukuta rafu tupu.

Basi, baada ya kusumbua sana, madaktari wawili watatu wakaanza kuniandikia vizuri zaidi: "otite externe aiguë", uvimbe mkali wa sikio la nje. Hapo ndipo mtego wa pili ulipo, na huu naona hata waandishi wa misimbo wenye uzoefu wanapita juu yake. Katika H60 yote ya WHO, neno "kali", yaani la ghafla, limo kwenye kichwa cha msimbo mmoja tu, H60.5, na kichwa hicho kinaendelea kusema: isiyo ya maambukizi. Ni nyumba ya masikio yaliyoungua kwa kemikali, yaliyokataa kitu kilichoyagusa, yenye ukurutu, yaliyochomwa na jua. Chini ya kichwa hichohicho kitabu kinapokea pia otite externe aiguë isiyo na maelezo mengine. Kwa hiyo sikio lililojaa usaha, likiandikwa "aiguë" tu, linaingia kwenye kapu la masikio yasiyo na vijidudu. Na ukweli wa kitabibu ni kinyume: sikio la nje linalovimba kwa ghafla, karibu mara zote ni bakteria, hasa Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus. Mahali pake ni H60.3, panapokaa yale ya maambukizi yaliyoenea kwenye njia yote, yale yanayovuja damu, na lile linaloitwa sikio la mwogeleaji. Kufika huko daktari lazima aandike jambo moja zaidi: "infectieuse", ya maambukizi, au "diffuse", iliyoenea. Kivumishi kimoja tu, na mgonjwa anahama msimbo.

H60.5 ya kweli nilishawahi kuipata, na ilikuwa safi kabisa. Alikuja mama aliyetoka saluni ya Birere, nywele bado zimelowa upande mmoja. Dawa ya kulainisha nywele ilikuwa imemtiririkia sikioni wakati wa kusuuza, na msusi, kwa kuhofia, akaifuata kwa pamba kavu akaisukuma ndani zaidi. Mlango wa sikio ulikuwa mwekundu, unang'aa, ngozi imeanza kutoka kama utando, majimaji meupe yasiyo usaha. Daktari aliandika: "otite externe chimique, produit défrisant, tympan intact". Maneno saba. Nilimwambia angekuwa anaandika hivyo kila siku mimi ningeondoka kazini saa tisa. Maneno mawili ya mwisho, kwamba ngoma ni nzima, hayana msimbo katika H60, lakini yanamlinda mgonjwa kwa yeyote atakayesoma fishi hiyo kesho.

Watoto wa ziwani ndio wengi wa H60.3 yetu. Mji huu uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, na ziwa halina mamba, hivyo mtoto anayetumwa maji na bidoni ya manjano anaona hana sababu ya kurudi akiwa mkavu. Anaoga, anapiga mbizi, anarudi na bidoni kichwani. Ngozi ya njia ya sikio ikilowa kila siku inakuwa laini, na nta, ambayo ina uchachu kidogo unaozuia vijidudu, inaoshwa. Kisha linakuja lile la nyumbani: njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto. Kwa motari ni vumbi la mawe ya volkano na ufunguo wa pikipiki. Nimemwona mmoja akijikuna sikio kwa ufunguo huku akimweleza muuguzi kwamba hajui maumivu yametoka wapi. Muuguzi aliutazama ufunguo, akautazama mkono, akaandika.

Zipo na ndogondogo nisizotaka kukaa nazo sana. Jipu la tundu la sikio ni H60.0. Ngozi ya sikio iliyovimba na kuwa ya moto baada ya kutobolewa kwa hereni ni H60.1, lakini ikiwa gegedu lenyewe ndilo limeshikwa, toka H60 uende H61.0. Nta iliyoziba ni H61.2, na jamani, nta iliyoziba si otite. Harage, punje ya hindi au mdudu aliyeingia ni T16, msimbo wenye tarakimu mbili tu bila nukta, ambao programu yetu kwa muda mrefu iliukataa kwa kuwa fundi aliiambia kila msimbo una tarakimu tatu.

Ugomvi mkubwa zaidi ulitoka nje. Tuna wagonjwa wanaolipiwa na bima za waajiri wao, na siku moja bima fulani ilirudisha ankara zetu za masikio ikisema misimbo haijakamilika: haionyeshi sikio la kulia au la kushoto. Kijana wa ofisi ya malipo akaingia intaneti, akarudi na furaha: "Mama, nimepata! H60.332, sikio la mwogeleaji, la kushoto." Alichokipata ni cha kweli, lakini ni cha Marekani. Wao walitengeneza toleo lao, CIM-10-CM, wakaanza kulitumia tarehe 1 Oktoba 2015, na humo H60.33 ni ya mwogeleaji peke yake: tarakimu ya mwisho 1 kwa kulia, 2 kwa kushoto, 3 kwa yote mawili, 9 kwa upande usiotajwa. Toleo la WHO tunalolitumia sisi linaishia H60.3. Halina pande. Ukichomeka H60.332 kwenye programu yetu inakataa, na bora ikatae, maana niliona kituo kingine ambako programu ilikuwa ikizikata tarakimu za ziada kimyakimya. Kwa H60.332 utaponea, inabaki H60.3. Lakini siku mtu anapoleta msimbo wa Marekani ambao hakuusoma, hutajua amekusudia nini.

Tuliandikia bima, tukaambatanisha ukurasa wa kitabu, tukawaambia upande tutauandika kwa maneno kwenye safu ya maelezo. Walikubali baada ya kuandikiana sana. Kisha wakaja na swali jipya, nalo lilikuwa la haki: "OG" ni nini? Madaktari wetu huandika OG kwa oreille gauche, sikio la kushoto. Daktari wa macho naye huandika OG kwa œil gauche, jicho la kushoto. Na katika CIM-10 macho na masikio yanatumia herufi moja, H: macho H00 hadi H59, masikio H60 hadi H95. Fishi yenye OG, herufi H na tarakimu iliyofutika kwa jasho la mfukoni inaweza kuwa kiungo chochote kati ya hivyo viwili. Sasa tunaandika neno zima.

Kuvu ya sikio ndiyo iliyonifundisha kwamba msimbo sahihi unaweza bado kupotea. Dalili yake kwa mtu aliyeangalia ndani haisahauliki: mwasho kuliko maumivu, na ndani kuna ukungu wenye vidoa vyeusi kama mkate uliosahaulika kabatini. Hao ni Aspergillus. Candida huwa nyeupe. Daktari akiandika "otomycose", kitabu kinataka misimbo miwili kwa pamoja: B36.9 yenye alama ya msalaba, inayotaja chanzo, na H62.2 yenye alama ya nyota, inayotaja mahali ugonjwa ulipoonekana. Wa msalaba unatangulia, na wa nyota hauruhusiwi kusimama peke yake kamwe. Sasa programu yetu ina safu moja tu ya utambuzi kwa wagonjwa wa nje. Ukifuata sheria unabaki na B36.9, ambayo katika jumla inahesabiwa pamoja na kuvu za ngozi: mapunye, mabaka ya mgongoni, vyote. Sikio limetoweka. Nimefuata kitabu herufi kwa herufi, na mtu akiuliza mwaka huu tumeona kuvu ngapi za masikio, kompyuta inajibu sifuri.

Na jibu hilo lina uzito, kwa sababu matone ya antibiotiki hayaponyi kuvu; mara nyingine kuvu yenyewe imeota baada ya matone ya muda mrefu. Mgonjwa anayerudi na kurudi na chupa ileile ndiye huyo. Niliomba safu ya pili. Mpaka leo naandika daftari la pembeni kwa mkono, la kuvu peke yake, na anayesimamia famasi amejifunza kuja kuliuliza.

Wa mwisho katika familia hii ndiye ninayemwogopa: H60.2. Kifaransa wanaiita otite externe maligne, na jina hilo huwatisha ndugu wakidhani ni kansa. Siyo kansa. Ni maambukizi, karibu kila mara ya Pseudomonas, yanayoacha ngozi ya sikio na kuingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu, hasa kwa wazee wenye kisukari na watu wenye kinga dhaifu. Alikuja mzee mmoja wa Majengo, fundi mstaafu, kofia ya sufi imeshushwa juu ya sikio. Alikuwa amepita kwenye maduka ya dawa, kisha kwetu, kisha tena kwetu. Nilipokuwa naingiza fishi yake mpya, namba yake ilileta na zile za nyuma, zote H60.9, sikio la nje lisilofafanuliwa. Nilizibeba zote kwa pamoja nikampelekea daktari wa zamu.

"Muzee, haya maumivu yanakuwa saa ngapi?" daktari alimuuliza.

"Usiku, Dokta. Usiku hayanipe kulala. Mchana nasikia tu uzito."

"Na kisukari, walishakupima?"

"Kisukari? Mimi naumwa sikio."

Nataka kuwa mkweli hapa: si mimi niliyegundua kitu. Daktari alishaanza kushuku kabla sijafika, kwa kuwa maumivu yalikuwa makubwa kuliko alichokiona, na sakafu ya njia ya sikio ilikuwa na kinyama chekundu kilichoota. Tone la damu la kidoleni likamaliza mabishano. Mzee alilazwa. Kwenye fishi yake nikatia H60.2, na E11 ya kisukari pembeni yake, kwa sababu wodi ina safu zaidi ya moja. Lakini nilibaki nikiwaza kuhusu zile H60.9. Msimbo wa "lisilofafanuliwa" si uongo. Ni jibu halali pale ambapo hakuna zaidi ya kusema. Ila ukijirudia kwa mtu yuleyule, unastahili kuangaliwa na mtu. Sasa naitoa orodha hiyo mara kwa mara: namba zilezile, H60.9, umri mkubwa. Inakuwa fupi. Nampa daktari, yeye ndiye anayejua la kufanya.

Niliagiza pia muhuri kwa fundi wa mihuri mjini, wa mistari mitatu: wapi, chanzo, tangu lini. Mstari wa tatu niliuweka kwa sababu sikio la nje lililodumu zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na hilo ni H60.8. Madaktari waliujaza kwa bidii mwanzoni. Kisha wino ukaisha, ukanunuliwa mwingine, kisha muhuri wenyewe ukapotea chini ya makaratasi. Siwalaumu. Mtu mwenye wagonjwa wengi mlangoni hataki muhuri, anataka kiti. Kilichobaki ni mazoea ya wale wachache walioona faida yake, na wanafunzi wa uuguzi, ambao huandika kila kitu kwa kuwa bado wanaogopa.

Vituko navyo havikosi. Mfadhili mmoja alituletea jedwali la Excel lenye misimbo tayari, tujaze idadi tu. Nikaona H70 ina wagonjwa wengi kupita kiasi. Katika CIM-10, H70 ni mastoidite, usaha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ugonjwa wa kukimbizia mtoto hospitali kuu. Tungekuwa na wengi hivyo, mji mzima ungejua. Kumbe jedwali lao lilitoka kwenye CISP, uainishaji wa huduma za msingi, ambamo H70 ni hasa sikio la nje, na H71 ni sikio la kati la ghafla, wakati H71 yetu ni kolesteatoma, ngozi inayoota na kurundikana ndani ya sikio la kati. Hata nta: kule ni H81, huku H81 ni kizunguzungu cha sikio la ndani. Vitabu viwili, herufi moja, tarakimu zilezile, magonjwa tofauti. Niliwaomba waongeze safu moja ya kutaja msimbo umetoka kitabu gani. Walijibu kwamba jedwali limeshapitishwa makao makuu.

Na mambo yatabadilika tena. CIM-11 ilipitishwa mwaka 2019 na imeanza kutumika rasmi tangu tarehe 1 Januari 2022. Humo sikio liko katika sura ya 10, na misimbo ya sikio la nje inaanza na AA, hivyo ule ugomvi na macho utakwisha. Upande wa kulia au kushoto nao unaweza kuongezwa kwa msimbo wa nyongeza. Hapa bado tunafanya kazi na CIM-10, na sina haraka: "otite" iliyoandikwa peke yake itakuwa na shida ileile katika kitabu chochote.

Jambo ambalo sijapata kuelewana na wenzangu ni la watoto wa chini ya miaka 5. Wao hawapiti kwa daktari kwanza. Wanapita kwenye mwongozo wa PCIME, ule wa kushughulikia magonjwa ya watoto kwa pamoja. Kwenye sikio mwongozo unauliza: anaumwa sikio? Linatoa usaha? Tangu lini? Kuna uvimbe unaouma nyuma ya sikio? Kisha unampa mtoto moja ya majina manne: mastoidite, maambukizi ya ghafla ya sikio, maambukizi sugu ikiwa usaha umetoka siku 14 au zaidi, au hana maambukizi. Sikio la nje halimo. Mtoto wa ziwani mwenye maumivu ya nje anawekwa kwenye "maambukizi ya ghafla" na kupewa antibiotiki ya kunywa.

Muuguzi mkongwe niliyemtaja aliniambia waziwazi kwamba nisiuguse mwongozo huo. "Dada, kule kwenye vituo vidogo hakuna otoskopu. Ule mwongozo ni wa mtu mwenye macho na saa tu. Mastoidite moja ikipita kwa sababu yako, utamwambia nini mama yake?" Ana haki. Mwongozo huo ulitungwa usikose mtoto aliye hatarini, na kazi hiyo unaifanya. Haukutungwa kwa ajili ya meza yangu. Isitoshe, agizo lake la kukausha sikio linalotoa usaha kwa utambi wa kitambaa safi, mara 3 kwa siku, linamsaidia hata yule ambaye usaha wake unatoka nje.

Tulipofikia ni hapa: wanajaza PCIME kama ilivyo, bila kuongeza kisanduku. Lakini akibonyeza kile kinyama cha mbele na mtoto akalia, anaandika "tragus +" pembezoni mwa karatasi, kwa penseli kama kalamu haipo. Mtoto huyo akipelekwa kwa daktari, daktari anaiona alama hiyo na kuangalia ndani ya sikio, na ninachokitia mimi ni kile daktari alichoandika baada ya kuangalia. Asipopelekwa, inabaki PCIME, na ripoti ya mwezi inayokwenda zoni ya afya inaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, bila ile penseli.